Kichwa Kimoja Kilichobaki

Siku ya tatu baada ya kumzika mama, mama mdogo alitandika mkeka nyuma ya nyumba yetu ya Mtawanya, Mtwara, akaweka beseni la maji, kipande cha sabuni ya kufulia na paketi ya nyembe mpya. Tuko watoto watano. Alianza na dada mkubwa kwa sababu ndiye kifungua mimba, wakafuata kaka zangu wawili. Kila kichwa alikilowesha, akakipaka povu, akakinyoa kutoka utosini kushuka kisogoni, na kila kichwa kilikuwa na wembe wake. Nywele alizikusanya kwenye kipande cha shuka jeupe. Hakuna aliyelia saa hiyo. Anayenyolewa hana budi kutulia.

Mimi ni wa nne. Zamu yangu ilipofika nilikuwa nimesimama mlangoni, na sikusogea.

"Njoo, mwanangu," mama mdogo alisema bila kuinua macho.

Nikamwambia kesho narudi Dar es Salaam, na keshokutwa alfajiri nina safari.

"Safari ya wapi na msiba haujapoa?"

"Ya kazini, mama. Nina zamu kwenye ndege."

"Humo kwenye ndege mnahudumia watu kwa mikono au kwa nywele?"

Mdogo wetu wa mwisho alicheka, akajiziba mdomo kwa kanga, kisha akaanza kulia. Mama mdogo alimwacha alie. Mimi nilijaribu kueleza kwamba kazi yetu ina kitabu, kwamba mwanamke asiye na nywele hamo katika kitabu hicho, kwamba nikifika hivyo nitarudishwa mlangoni. Nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyojisikia mjinga, maana walionisikiliza walikuwa watu watatu wenye vipara vinavyotoa maji.

Aliyenisaidia ni mjomba. Kwetu kaka wa mama ndiye mwenye neno la mwisho juu ya watoto wa dada yake. Alikuwa ametoka kijijini kwao, karibu na mdomo wa mto Ruvuma, ambako bibi yetu alihamia akiwa msichana kutoka upande wa Msumbiji, akaolewa na kuzalia huko. Alikuwa ameketi kwenye benchi akichambua karanga.

"Mwache," alimwambia mama mdogo. "Ana mpaka arobaini."

Kisha akanigeukia mimi. "Umesikia? Arobaini. Baada ya hapo sina neno jingine."

Nilimwelewa vizuri, na afadhali nieleze hapa ili msomaji naye aelewe. Katika ukoo wetu matanga hayaanuliwi mpaka watoto wote wa marehemu wawe wamenyolewa. Siwezi kusema hiyo ni desturi ya Wamakua wenzetu wote. Nimewauliza watu wa koo nyingine, kila mmoja akanipa yake. Kwetu ndivyo. Na matanga yasipoanuliwa, hakuna anayevaa nguo ya rangi, hakuna anayekwenda kwenye harusi wala ngoma, na hakuna anayekaa kwenye biashara yake. Dada mkubwa anauza samaki wa kukaanga barabarani, na meza yake ndiyo inayomlisha yeye na wanawe. Kwa hiyo wanne wakinyolewa na mmoja akabaki, nyumba nzima inabaki msibani kwa sababu ya kichwa kimoja. Kichwa hicho kilikuwa changu, na nilikuwa na siku thelathini na saba.

Mama mdogo akamwita mdogo wetu akae mahali pangu.

*

Nimekuwa mhudumu wa ndege kwa miaka kumi na moja. Watu wakiisikia kazi hiyo hufikiria miji. Mimi nikiifikiria naona kwanza kioo kirefu kilichopo kwenye chumba chetu cha kujiandaa, na mkaguzi amesimama kando yake na kadi mkononi. Kabla ya kila safari tunapita mbele ya kioo hicho mmoja mmoja. Anaanza juu: nywele, nyusi, rangi ya mdomo. Anashuka: skafu na fundo lake, beji, kucha. Anamalizia na soksi na viatu. Kila kipengele kina visanduku viwili, nadhifu na si nadhifu.

Nilipoanza, masharti yalikuwa makali kuliko sasa. Siku ya usaili tulipangwa ukutani penye mstari wa chaki juu ya vichwa vyetu, na asiyeugusa kwa vidole aliambiwa asante, nenda. Waliobaki tulikunjua mikono, wakatazama makovu. Tulivaa sketi tu, na viatu vya kisigino mpaka abiria wawe wameketi. Nywele zilitakiwa kulazwa, kukusanywa kisogoni na kufungwa kwenye wavu, duara moja kama andazi, na unywele mmoja ukichomoza unapakwa jeli mpaka ulale. Wenye nywele kama zangu tuliamka mapema kuliko wenzetu kwa ajili ya duara hilo.

Sitasingizia kwamba niliyachukia masharti hayo. Niliyapenda. Kwetu watu walinijua kama mtoto asiyechafuka, na hatimaye nilipata mahali ambapo kutochafuka ni kazi yenye beji. Nimewahi kuwa mkaguzi wa muda kwa miezi minane, na nilimrudisha msichana nyumbani kwa kucha moja iliyobanduka rangi. Ndege iliondoka bila yeye. Sikuona ubaya wowote.

Kisha masharti yalianza kulegea, moja baada ya jingine, kila mara kwa waraka uliobandikwa ubaoni. Suruali zikaruhusiwa. Viatu vya chini vikaruhusiwa. Nywele za kusuka zikaruhusiwa, mradi misuko isiwe ya rangi nyingi na isizidi mabega. Wanaotaka kufunga mtandio wakaruhusiwa, kwa barua. Wanaume walikuwa wameshafika mbali zaidi: kipengele chao kilisema wazi kwamba kichwa kilichonyolewa chote kinakubalika kikiwa safi na haking'ai kupita kiasi. Tulikuwa na mwenzetu mmoja mwenye kipara aliyejipaka poda utosini kila asubuhi ili kutimiza sentensi hiyo, na tulimcheka sana.

Kipengele cha wanawake kilikuwa na ukurasa mzima juu ya nywele. Hakikusema lolote juu ya kutokuwa nazo.

*

Wiki ya pili ya matanga nilikwenda kwa msimamizi wetu. Ni mwanamke aliyeruka miaka mingi kabla yangu, enzi za sketi, na mgongo wake bado umenyooka kama yuko mbele ya abiria. Alinipa pole upya, akanisikiliza mpaka mwisho, akafungua droo akatoa fomu. Ilikuwa fomu ya kuomba ruhusa ya kutofuata kipengele cha mwonekano. Sikujua kama ipo. Ilikuwa na visanduku vitatu: afya, dini, ujauzito.

"Weka alama kwenye kinachokuhusu," alisema.

"Hakuna kinachonihusu, dada."

"Soma vizuri."

Nilisoma tena. "Nimefiwa na mama. Sioni pa kufiwa."

"Kufiwa kuna likizo yake, na umeshaimaliza. Hii ni ya mwonekano."

"Na mwanaume akifiwa na mama yake, akanyoa?"

"Mwanaume hahitaji fomu. Kipara chake kimeandikwa."

"Kwa hiyo shida si kipara."

"Usinitafutie maneno, mdogo wangu," alisema, lakini kwa upole. "Shida ni kwamba wewe hujaandikwa. Mimi siwezi kukuandika kwa kalamu yangu. Tafuta barua. Nyie si Waislamu? Nenda kwa shehe, akuandikie mistari miwili kwamba ni mambo ya dini. Huo mtandio ulipita hivyo hivyo."

Nilitoka na fomu nikiwa na furaha. Nilidhani nimefika.

Ratiba ilinipa siku mbili za mapumziko wiki iliyofuata, nikashuka Mtwara. Nilikwenda moja kwa moja kwa maalim aliyenifundisha madrasa, ambaye ndiye aliyemswalia mama. Nilimkuta anapanga misahafu kabatini. Nilimwamkia, tukazungumza habari za wafu na walio hai, kisha nikamweleza na kumpa fomu. Aliivalia miwani, akaisoma pande zote mbili, hata upande usio na maandishi.

"Wanataka niseme kwamba dini imekuamuru unyoe."

"Ndiyo, maalim. Mistari miwili tu."

"Hata mmoja siwezi. Kunyoa kichwa kwa ajili ya maiti hakumo katika dini. Na si kwamba hakumo tu. Kumekatazwa, na mwanamke ndiyo zaidi. Nimelisema hili mimbarini hapa hapa, na mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa anasikia."

Nilikuwa nimelisikia pia, nikiwa mdogo, na nilikuwa nimelisahau jinsi mtu anavyosahau jambo ambalo watu wote wanalisikia na hakuna anayelifanya.

"Lakini utakuja arobaini?" nilimuuliza.

"Nitakuja. Khitma nitaisoma yote. Wembe sitauandikia barua." Alivua miwani. "Unaniangalia kana kwamba nimekufukuza. Mimi mwenyewe nilinyolewa, baba yangu alipofariki. Nilikuwa sijasoma bado."

"Na ungekuwa umeshasoma?"

Alinirudishia fomu. "Nenda kamsalimie dada yako," alisema. "Mwambie afya ni muhimu, asikae kivulini siku nzima."

Dada mkubwa nilimkuta kivulini kweli, amekaa kwenye mkeka na kichwa chake kilichokwisha kuota vinywele, meza yake ya samaki imeegeshwa ukutani miguu juu. Hajawahi kunilaumu kwa mdomo. Aliniuliza tu kama huko kazini wamesemaje. Nikamwambia bado tunafuatilia. Akasema sawa. Kuku mmoja alipita juu ya ile meza, naye akamwangalia bila kumfukuza.

*

Niliporudi kazini habari zilikuwa zimeenea, na kila mmoja alikuwa na dawa yake. Mwenzetu wa poda alisema niwaombe wakubwa wanihesabu mwanaume kwa miezi mitatu, yeye atanifundisha kujipaka. Msichana mmoja mgeni, mwenye misuko ya kiasi kilichoruhusiwa, alishangaa kwamba nahangaika.

"Dada, si uvae wigi? Nusu ya watu humu ndani wamevaa wigi. Unanyoa, unamaliza mambo yako, unavaa wigi, unaruka. Nani atajua?"

Lilikuwa wazo zuri. Nilikwenda dukani nikachagua moja yenye duara lake tayari kisogoni, nadhifu kuliko duara lolote nililowahi kulifunga kwa mikono yangu. Niliivaa mbele ya kioo cha duka. Nilionekana kama picha yangu ya kitambulisho. Kabla sijaichukua, nilimpigia simu mama mdogo.

"Nywele za nani hizo?" aliuliza.

"Za dukani, mama."

"Za dukani zimetoka kichwani kwa nani?"

"Sijui. Nyingine ni za plastiki."

"Basi sikiliza. Mama yako tunamvulia nywele. Sasa umvulie yeye, halafu siku ya pili uvae za mtu usiyemjua? Zako zikishaota zikafunika ngozi, vaa hata mkia wa farasi. Kabla ya hapo, hapana. Na hiyo nteke yako ukiwa ndani yake, funga mkanda."

Mama mdogo hutamka hivyo, nteke badala ya ndege, kwa ulimi wa Kimakua, na kila simu yake huishia kwa agizo la mkanda. Nilirudisha wigi rafuni.

Ilibaki afya. Msimamizi mwenyewe ndiye aliyeitaja, tulipokutana kwenye ngazi, wiki ya tano ikiwa inaanza. Alishusha sauti.

"Nywele za wanawake zinakatika kila siku. Mawazo, dawa, maji ya chumvi. Ukiandika zimekatika, daktari atagonga muhuri. Hakuna atakayekuja kuhesabu."

"Hazijakatika, dada."

"Najua hazijakatika. Nakwambia namna ya kubaki na kazi."

Jioni ile, nyumbani kwangu, niliiweka fomu mezani. Niliweka alama kwenye kisanduku cha afya. Chini yake kulikuwa na mistari mitatu ya maelezo mafupi ya ugonjwa. Niliandika neno "Nywele", nikakwama.

Nimeandika ripoti nyingi za safari. Ripoti zetu ni fupi: saa ngapi, kiti namba ngapi, kilichotokea, nilichofanya. Abiria akizimia unaandika amezimia, huandiki amelala. Miaka kumi na moja ya ripoti inampa mtu ugonjwa fulani wa mkono, mkono unakataa. Na kulikuwa na kitu kingine ambacho sikuweza kumwambia msimamizi: kwetu ugonjwa hautajwi bure, na hasa hautajwi na mtu aliye kwenye matanga. Mama alikuwa amekaa kitandani miezi saba. Nilijua ugonjwa ukoje. Kuandika kwamba na mimi ninao, ili niweze kumlilia aliyekufa nao, nilishindwa.

Nilifuta alama. Nilichukua rula, chini ya visanduku vitatu nikachora cha nne, ukubwa uleule, na kando yake nikaandika "Kufiwa". Nikakiwekea alama. Kwenye mistari ya maelezo niliandika: Mama yangu amefariki. Katika ukoo wetu watoto wa marehemu hunyolewa kichwa chote. Nitanyolewa siku ya arobaini. Sitavaa wigi mpaka nywele zifunike ngozi. Si ugonjwa na si agizo la dini. Naomba niendelee na safari.

Msimamizi aliishika fomu mbali kidogo na macho, kama watu wa umri wake wanavyofanya.

"Hiki kisanduku kimetoka wapi?"

"Nimekichora."

"Umechora kwenye fomu ya kampuni?"

"Kwa rula."

Nilifikiri atanirudishia. Aliiweka kwenye trei ya barua zinazokwenda juu, akasema hataniahidi kitu, na kwamba kama jibu halijafika mpaka siku yangu ya kuondoka, basi nijue sina ruhusa. Niliuliza kama nina katazo. Akasema hilo nalo sina.

Jibu halikufika.

*

Arobaini ya mama iliangukia Jumamosi. Maalim alikuja na vijana wake wa madrasa, wakasoma khitma yote kama alivyoahidi, wali ukaliwa, na wageni walipoanza kuaga, maalim alikuwa wa kwanza kuondoka. Alipita karibu na mkeka uliokwisha kutandikwa nyuma ya nyumba, akaangalia mbele, akatoka.

Nilikaa. Mama mdogo alifungua duara langu yeye mwenyewe. Alichomoa vibanio kimoja kimoja akiviweka mkononi mwangu, akavua wavu, akashangaa jinsi ulivyo mwembamba. Nywele zilipofunguka zilibaki na umbo la duara kwa muda, kwa sababu ya jeli. Maji yalikataa kuzilowesha. Ikabidi azioshe mara mbili kwa sabuni kabla ya wembe kupita.

"Wanawapaka gundi?" aliuliza.

"Ni jeli, mama."

"Gundi," alisema.

Wembe ulikuwa baridi. Nilikuwa nimeogopa kwamba nitafikiria kazi, na kwa kweli niliifikiria, niliuona waziwazi mkono wa mkaguzi na kadi. Lakini wembe ulipofika nyuma ya masikio nilianza kulia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Siku arobaini nilikuwa nimeshughulikia fomu, maalim, wigi na msimamizi, na kila mmoja wao alikuwa amenipa jambo la kufuatilia. Sasa hapakuwa na jambo. Mama alikuwa amekufa. Mama mdogo alisimamisha wembe, akanisubiri, akaendelea.

Mjomba alitazama vichwa vitano, vinne vyenye vinywele na kimoja kitupu, akasema matanga yameanuliwa. Alilisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema mvua imekatika. Dada mkubwa aliingia ndani, akatoka amevaa gauni la rangi ya machungwa, akaigeuza meza yake miguu chini na kuanza kuisugua kwa mchanga. Mimi niliangalia pembeni kwa sababu alikuwa anatabasamu na hakutaka nimwone.

*

Jumatatu alfajiri nilikuwa mbele ya kioo. Nilikuwa nimejiandaa kwa uangalifu kuliko siku yoyote: rangi ya mdomo inayotakiwa, hereni ndogo, fundo la skafu mahali pake, kucha. Kichwa nilikipaka poda. Mwenzetu wa poda alininong'oneza nikipita, "Dada, kichwa kimekukaa. Mimi chako nakionea wivu."

Mkaguzi wa siku hiyo alikuwa msichana niliyemfundisha mwenyewe. Alianza chini, si juu. Viatu, nadhifu. Soksi, nadhifu. Akapanda mpaka rangi ya mdomo, akafika kwenye kipengele cha kwanza ambacho alikuwa amekiruka, kalamu ikabaki hewani.

"Dada, niandike nini?"

"Andika ulichokiona."

"Visanduku ni viwili tu."

Nyuma yangu watu walikuwa kwenye foleni na gari la kutupeleka kwenye ndege lilikuwa limeshawashwa. Hatimaye aliandika kando ya visanduku, kwa herufi ndogo: Hana. Kisha akaweka alama kwenye nadhifu. Nilimshukuru. Alikuwa na macho mekundu na nilimhurumia, maana kadi ingemfika msimamizi kabla ya mimi kufika mlangoni.

Ilimfika. Msimamizi aliniita kando, akaniomba beji ya safari, akaniambia kwamba jibu la juu limetoka asubuhi hiyo: nisiruke mpaka nywele zifunike ngozi, na muda huo nifanye kazi kaunta ya kupokea abiria. Hakuwa na hasira. Aliniambia alipiga simu mbili kuniombea, nami namwamini. Miezi kadhaa baadaye waraka mpya ulibandikwa ubaoni kwamba wahudumu wa kike wanaweza kuweka nywele fupi za urefu wowote, au kunyoa zote, zikiwa safi. Sababu iliyotajwa ni kwamba mashirika mengine yamefanya hivyo. Kufiwa hakukutajwa, na mimi wakati huo nilikuwa na nywele.

Lakini Jumatatu ile nilikaa kaunta. Kazi si ngumu: kitambulisho, mzigo kwenye mizani, kiti cha dirishani au cha njia. Abiria walikiona kichwa changu kabla ya kuniona mimi. Kijana mmoja aliniambia nimependeza, mtindo umenikubali. Mama mmoja aliyevaa vizuri aliniuliza kwa sauti ya chini naendeleaje na matibabu, akaniambia dada yake naye alipona. Bwana mmoja aliniita kaka, akaomba radhi. Nilisema asante kwa wote. Sikuwa na haki ya kumsahihisha abiria, na foleni ilikuwa ndefu.

Kuelekea saa nne ilikuja foleni ya abiria wa Mtwara. Mwanamke wa makamo alifika mbele yangu akiwa na begi dogo na ndoo yenye mfuniko iliyofungwa kwa kamba. Alitafuta kitambulisho kwenye pochi, akainua uso, akanitazama kichwani, na mkono wake ukaacha kutafuta.

"Pole, mwanangu," alisema. "Nani?"

"Mama."

"Lini?"

"Arobaini ilikuwa juzi, Jumamosi."

Alitikisa kichwa. Hakuniuliza ninatoka upande gani, wala ukoo gani. Alipitisha mkono juu ya kaunta, akaushika wangu, akaubakiza pale. Nyuma yake mtu alikohoa. Yeye ndiye aliyeuachia mkono wangu, akanipa kitambulisho, akainua ndoo na kuiweka mwenyewe kwenye mizani, nami nikamuuliza kama ndani kuna kitu cha maji.